Trekta Dogo Penye Mlima Mkali

"Mchagua jembe si mkulima," wasema wazee. Maana yake yajulikana na wote: mtu mvivu hulaumu mpini na chuma ili asiende shambani. Neno hilo ni kweli kwa jembe la mkono. Lakini kwa jembe linaloendeshwa na mota, tena katika shamba lililo ubavuni mwa kilima, twathubutu kulikataa. Huko mkulima asiyechagua aweza kuuawa na jembe lake. Wameuawa wengi, wala si wajinga wote. Wengine walikuwa wakulima hodari kuliko sisi. Ndiyo sababu twataka kueleza jinsi mashini ndogo za milimani zilivyopatikana. Anayejua zilizaliwa wapi, na kwa shida gani, atajua pia namna ya kuzichagua.

Msomaji wa Lubero au wa Walungu hana haja ya kuelezwa mteremko ni kitu gani. Miguu yake yamwambia kila siku. Lakini mafundi wa matrekta ya kwanza hawakuufikiri sana. Trekta lilizaliwa katika nchi ya mashamba mapana. Mwaka 1892 John Froelich alitengeneza huko Iowa, katika Marekani, trekta la petroli lililoweza kwenda mbele na kurudi nyuma, na kufanya kazi kweli. Mashini nyingi zilizofuata zilikuwa kubwa na nzito, nazo zilifaa kwa mashamba ambayo mwisho wake hauonekani. Mwenye shamba dogo alizitazama tu kwa mbali.

Mwaka 1917 Henry Ford akaanza kutengeneza kwa wingi trekta dogo liitwalo Fordson. Uzito wake ulikuwa kilo 1,200 hivi, na bei yake ilikuwa nafuu kuliko ya wengine. Watu wakalinunua kwa mamia ya maelfu. Basi, ndipo hatari ilipoonekana. Plau ikikamatwa na jiwe au na mzizi mnene, magurudumu ya nyuma hukwama, na mota bado yasukuma. Nguvu hiyo haipotei. Gurudumu lisipoweza kuzunguka, mwili wa trekta ndio uzungukao: pua yainuka juu, na kufumba na kufumbua trekta zima lalala chali juu ya dereva wake. Jambo hilo laweza kutokea hata uwandani. Na mtu anapopanda kilima, uzito umekwisha kurudi nyuma tangu mwanzo, na pua yangoja sababu ndogo tu.

Aliyeitafutia shida hiyo dawa alikuwa Harry Ferguson, mwana wa mkulima wa County Down katika Ireland. Wakati wa vita kuu ya kwanza serikali ilimpa kazi ya kuangalia matrekta na plau zinavyotumika. Akaona kosa liko wapi: plau ilikuwa inakokotwa nyuma kwa mnyororo au kwa chuma kimoja, kama gari la ng'ombe, wala haikuwa kitu kimoja na trekta. Mwaka 1926 akapata hati ya uvumbuzi wake. Plau ikafungwa karibu kabisa na magurudumu ya nyuma, kwa mikono ya chuma inayoinuliwa na kushushwa kwa nguvu ya mafuta yasukumwayo ndani ya bomba. Baadaye mikono hiyo ikawa mitatu, miwili chini na mmoja juu. Mkono wa juu ndio wenye siri. Plau inapovutwa, mkono ule wasukuma mwili wa trekta mbele na chini, hata pua haiwezi kuinuka kwa urahisi. Trekta lake liitwalo TE20 lilitengenezwa Coventry, katika Uingereza, tangu 1946 mpaka 1956, zaidi ya 500,000. Na siku hizi, karibu kila trekta duniani lina mikono mitatu ile.

Walakini Ferguson aliondoa nusu tu ya hatari. Alizuia kuanguka kwa nyuma. Kuanguka kwa ubavu kulibaki, na huko ndiko kunakowapata watu wa milimani.

Hapa yafaa tukae kidogo. Mteremko wataka mashini pana: kadiri magurudumu yanavyoachana, ndivyo trekta linavyokataa kupinduka. Lakini nafasi finyu, yaani katikati ya mistari ya mizabibu, ya kahawa au ya migomba, au penye mlango wa ua, yataka mashini nyembamba. Na kwa bahati mbaya shamba la mlimani mara nyingi lina mambo yote mawili pamoja: ni kali, tena ni dogo. Mashini moja haiwezi kutii mabwana hawa wawili sawasawa. Historia yote ya matrekta madogo ya milimani ni historia ya kutafuta njia ya kutoka katika ugomvi huo.

Njia ya kwanza ilikuwa kumwondoa mtu juu ya mashini. Twaona ilikuwa njia ya akili sana. Karibu na mwaka 1910 mtu wa Uswisi, Konrad von Meyenburg, alivumbua jembe la kuzunguka: vyuma vilivyopindwa kama kucha vyazungushwa na mota, vyachimba udongo na kuusaga papo hapo. Jembe la namna hii halikokotwi. Lenyewe lasaidia kusukuma mashini mbele, kwa hiyo mashini haina haja ya kuwa nzito. Huko Australia kijana wa mkulima, Arthur Clifford Howard, alianza majaribio ya kazi kama hiyo mwaka 1912 huko Gilgandra. Mwaka 1922 akafungua kampuni, na mwaka 1938 akaenda Uingereza kuanzisha nyingine. Na katika Marekani, mpiga picha mmoja wa West Virginia, nchi ya milima, Benjamin Gravely, alitengeneza jembe la mota lenye gurudumu moja, akitumia vyuma vya pikipiki. Alipata hati yake mwaka 1916. Angalieni: watu watatu katika nchi tatu zilizo mbali, na wote wakafikia karibu neno lile lile. Mtu atembee nyuma, ashike mikono miwili kama ya toroli, na mashini itangulie.

Faida yake ni nini? Mashini ikipinduka, mtu huiachia. Amesimama chini kwa miguu yake, hana chuma juu ya kichwa. Tena magurudumu mawili ya karibu-karibu yapita mahali ambapo ng'ombe angepata taabu kugeuka. Katika milima ya Alpi mashini hizi zilipokewa upesi, hasa kwa kukata majani ya ng'ombe. Huko majani hukatwa wakati wa joto na kukaushwa, yaliwe wakati wa theluji. Asiyekata hana mifugo. Zamani familia nzima ilishika miundu mirefu tangu alfajiri. Mwaka 1926 ikaanzishwa katika Uswisi kampuni iitwayo Rapid, ya mashini za kukatia majani. Na mwaka 1943, karibu na Milano katika Italia, ikaanza ile ya BCS. Mashini za milimani zilivishwa magurudumu ya chuma yenye miiba, ziume udongo mahali ambapo kiatu cha mtu chateleza. Lakini tusifiche: mtu hutembea nyuma yake siku nzima, mikono yatetemeka, na jioni mabega yauma. Vijana hawakuipenda sana kazi hiyo, hasa walipoona wenzao wa mjini wamekaa kitini.

Wajapani waliichukua njia hii wakaifikisha mbali kuliko wote. Baada ya vita kuu ya pili serikali yao iligawa upya mashamba, na wakulima wengi waliokuwa wapangaji wakawa wenye mali. Lakini kila mmoja alipata eneo dogo, kama hekta moja tu kwa kukadiri, tena limekatwa vipande vipande, vingine juu ya ngazi za kilima. Trekta la Iowa lingefanya nini pale? Hata kugeuka lisingeweza. Kampuni ya Kubota ya Osaka, iliyoanza 1890 kwa kuyeyusha na kufinyanga chuma, ilitoa jembe la mota la kutembea mwaka 1947. Miaka kumi na kitu baada ya 1950 mashini za namna hiyo katika Japani zilizidi milioni mbili. Mwaka 1960 Kubota wakatoa trekta la kukalia, dogo, na mwaka 1969 wakaanza kuuza Marekani trekta la nguvu ya farasi 21 tu. Hivyo nchi ya matrekta makubwa ikajifunza kununua madogo kutoka kwa watu wa vishamba. Na mwaka 2009, serikali ya Tanzania ilipotangaza Kilimo Kwanza, mashini za kutembea za aina hiyo ziliingia huko kwa wingi. Watu wakaziita pawatila. Zilifaa hasa mabondeni, penye mpunga. Anayeiona ikifanya kazi vizuri katika bonde la mpunga asidhani kwamba itafanya vivyo hivyo juu ya kilima. Udongo wa bondeni ni laini na sawa. Wa kilimani una mawe.

Njia ya pili ilikuwa kuvunja mgongo wa trekta. Tusicheke, ni kweli. Katika Ujerumani kampuni ya Holder ya Metzingen, na katika Italia ile ya Pasquali karibu na Firenze, walitengeneza trekta la vipande viwili vilivyounganishwa katikati kwa kiungo. Dereva akizungusha usukani, magurudumu ya mbele hayapindi. Trekta lenyewe ndilo lijikunjalo kiunoni, kama siafu anapozunguka kijiti. Magurudumu manne ni sawa kwa ukubwa, yote yasukumwa na mota, na ya nyuma hupita katika nyayo za ya mbele. Ndiyo faida kubwa katika mizabibu: ukiona gurudumu la mbele limepita bila kuvunja mti, la nyuma nalo litapita. Katika mashini hizi uzito mwingi umewekwa mbele. Chombo kikifungwa nyuma, uzito wasawazika. Holder walianza kazi hii miaka ya 1950, na Antonio Carraro wa Campodarsego, karibu na Padova, ni mmoja wa wale wanaojulikana sana kwa matrekta ya namna hii. Lakini kiungo hicho kina hila yake. Trekta linapojikunja juu ya mteremko, uzito nao wahama. Ukikata kona kali ghafula ukielekea juu, waweza kuona gurudumu limeacha udongo.

Njia ya tatu ilitoka kwa Waswisi na Waaustria wenyewe, wenye majani mengi milimani. Wao nafasi finyu haiwasumbui sana, mteremko ndio adui. Basi wakafanya mashini pana na fupi kwa kimo, mota imelala chini, dereva amekaa katikati, magurudumu mapana manne sawasawa, na ya nyuma yaweza kupindwa pia, hata mashini ikaenda upande kama kaa. Kampuni ya Aebi ya Burgdorf, iliyoanza 1883, iliita yake Terratrac. Ile ya Reform, ya mji wa Wels katika Austria, iliita yake Metrac. Katika Marekani, watu wa Orrville, Ohio, walichanganya njia mbili: trekta lao liitwalo Ventrac lina kiungo katikati, nalo ni fupi na la chini. Watengenezaji wasema laweza kufanya kazi kwenye mteremko wa digrii 30, kwa sharti la kuongezewa magurudumu, mawili-mawili kila upande. Mmeona ugomvi umerudi? Lisipoongezewa magurudumu, mpaka wake ni digrii 20. Likiongezewa, ni pana, na mlango wa ua walikataa.

Kisha iko miteremko ambayo wenye akili hawapeleki trekta lo lote. Kando ya mto Mosel katika Ujerumani mizabibu mingine imepandwa mahali pakali kama paa la nyumba, tena kuliko paa. Huko mota huachwa juu ya kilima, imefungwa imara. Yavuta kamba ya chuma, na jembe peke yake lapanda likiongozwa na mtu. Wazo hili ni la zamani kuliko trekta lenyewe: John Fowler alilima kwa kamba na mota ya mvuke katika Uingereza, na mwaka 1858 alipewa zawadi ya paundi 500 na chama cha kifalme cha wakulima. Yeye aliogopa uzito wa mashini juu ya udongo, wao waogopa kilima. Kamba ni ile ile.

Liko jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi sana. Udongo wa kilimani wataka kulimwa kwa kukingama, yaani sambamba na kilima, ili mvua isiuchukue. Kila mkulima wa Kivu aliyeona shamba lake limeshuka mtoni ajua hivyo. Lakini trekta likipita kwa kukingama ndipo lipo karibu zaidi na kupinduka. Lenyewe lapenda kupanda na kushuka moja kwa moja. Udongo wasema hivi, mashini yasema vile. Tusipofanya matuta au ngazi, au kuacha majani katikati ya mistari, hatuwezi kuwapatanisha. Kwa maoni yetu, mahali ambapo trekta haliwezi kukingama salama, hapo palime jembe la mkono, au pasilimwe kabisa, papandwe miti au majani ya mifugo.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Kwanza mwinamo upimwe. Twaa ubao ulionyooka wa metro 2, weka ncha moja juu ya udongo upande wa mlima, na ulinganishe ubao kwa chupa yenye maji yasiyojaa, ukilazwa sawasawa. Pima kutoka ncha ya pili mpaka chini. Ukipata sentimetro 70, mwinamo ni 35 kwa mia, yaani digrii 19 hivi. Usichanganye hesabu hizi mbili, maana wengine wamenunua kwa kuzichanganya: digrii 30 ni karibu 58 kwa mia, na 100 kwa mia si ukuta, ni digrii 45. Pima mahali pakali kuliko pote, wala si mahali pazuri.

Pili, uliza magurudumu yameachana kiasi gani, na uzito umekaa kimo gani. Tuseme trekta jembamba, magurudumu yameachana metro 1, na kitovu cha uzito kiko sentimetro 75 juu ya udongo. Katika karatasi litapinduka kwenye digrii 33 au 34. Wengi hufurahi na kusema, shamba langu ni digrii 20 tu. Lakini gurudumu la juu likipanda jiwe la sentimetro 15, hizo ni digrii 8 na zaidi. Gurudumu la chini likiingia wakati ule ule katika shimo la kimo hicho, ni digrii 8 nyingine. Zimebaki 16 au 17, na shamba lako ni 20. Chukua sasa trekta la metro 1 na nusu, kitovu kikiwa sentimetro 60: katika karatasi ni digrii 51, na jiwe lile na shimo lile vyalipunguzia 11 au 12 tu. Hivyo ndivyo upana na kimo vinavyosema, na rangi ya mashini haisemi kitu. Tena mzigo ulioinuliwa mbele, kama ndoo ya udongo, wapandisha kitovu juu. Katika mteremko ubebwe chini kabisa.

Tatu, lisikubaliwe trekta la kukalia lisilo na fremu ya chuma juu ya dereva na mkanda wa kumfunga. Uswidi iliamuru mwaka 1959 kwamba kila trekta jipya liwe na fremu, na vifo vya kupinduka vikapungua sana mwaka baada ya mwaka. Marekani walichelewa: sheria yao ya mwaka 1976 iliwahusu wafanyakazi walioajiriwa, na tangu 1985 tu watengenezaji walikubaliana kuiweka katika karibu kila trekta jipya. Ndiyo maana matrekta ya zamani yanayouzwa kwa bei rahisi mara nyingi hayana kitu juu ya kiti. Na fremu bila mkanda si kitu: dereva hurushwa nje, na fremu yenyewe yamponda. Katika mizabibu huja fremu ya kukunjwa, ipite chini ya matawi. Wengi waikunja asubuhi, wala hawaikunjui tena.

Nne, magurudumu yote manne yasukumwe na mota. Si kwa kupanda tu. Trekta la magurudumu mawili likishuka, breki za nyuma zaweza kukamata na matairi yakateleza tu, kwa kuwa uzito umehamia mbele. Yakisukumwa yote manne, mota yenyewe yazuia kwa pande zote. Gia ndogo ichaguliwe juu, kabla ya kuanza kushuka, kwani katikati ya mteremko hakuna nafasi ya kubadilisha. Na mahali pakali, asiye na mzigo mbele apande kinyumenyume, uzito ukae upande wa mlima.

Habari ya bei twaipitia upesi, maana yabadilika. Mashini za Alpi ni za gharama sana, na hata huko wengi hawawezi kununua peke yao. Mwaka 1958, katika kijiji cha Buchhofen cha Bavaria, Erich Geiersberger aliwaunganisha wakulima katika chama cha kuazimana mashini kwa malipo yaliyopatanwa, na vyama vya namna hiyo vikaenea katika Ujerumani na Austria. Kwa mkulima wa hekta moja, mashini ya kutembea iliyo yake na watu wengine wanne, ambayo fundi wa karibu aweza kuifungua na kupata mikanda na kucha zake sokoni, ni mali kuliko trekta la ajabu lililosimama chini ya mti likingoja kipande kutoka Ulaya. Kabla ya kulipa, mwulizeni mwuzaji maswali mawili: vipande vyake vyauzwa wapi, na je, yupo mtu aliyekwisha kuitumia juu ya kilima kama chetu? Akiwa yupo, nendeni mkamwone akigeuka mwisho wa mstari.